Sauti Saba za Mwisho

Jioni ile nilitumwa mafuta ya taa.

Petronila, mke wangu, alirudi kutoka kazini kwake zahanati akakuta taa imekauka. Akanipa chupa, akaniambia niwahi kabla maduka ya barabarani hayajafungwa. Ilikuwa mwaka 1993, ile miaka ya ruksa, na Kibiti ilikuwa imejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu: marobota ya mitumba, redio kubwa za kaseti, sabuni za kila rangi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuja kutoka Songea, na Jumapili nilipiga kinanda katika kanisa letu la bati.

Nilipitia kanisani kwanza. Panya walikuwa wameanza kutafuna mvukuto wa kinanda, nikataka kukifunika vizuri kabla giza halijaingia.

Mtu alikuwa amesimama karibu na mlango. Mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa kofia ya kiua, ananuka kamba wabichi na tope la mikoko. Hakuingia ndani.

"Mwalimu Hilari?"

"Ndimi."

"Naitwa Abbasi. Natoka delta, nyuma ya Mbwera. Huwa naleta kamba kwa wanunuzi wa Dar." Akatazama barabarani, kisha akateremsha sauti. "Jumapili nilipita hapa watu wakitoka. Ulikuwa unapiga kitu. Si wimbo wa kuimba. Kitu kirefu."

Nilikumbuka. Watu wakishatoka, nilikuwa napiga kidogo kwa ajili yangu mwenyewe.

"Kilikuwa hivi," alisema, akaanza kukivumisha kwa pua, taratibu, kama mtu anayeogopa kukimwaga.

Nywele zilinisimama.

Hakuvumisha kipande nilichopiga Jumapili. Alivumisha kipande kinachofuata. Kile ambacho sikuwahi kukipiga Kibiti hata siku moja.

"Umekisikia wapi hicho?"

"Kwa dada yangu Salama. Anakivumisha tangu Ramadhani, mwanzo mpaka mwisho. Sasa ana siku tisa hajala. Mganga amesema aletwe mwenye ngoma hii. Nimezunguka sana, mwalimu. Ni wewe."

Nieleze kidogo hapa, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilikubali.

Kabla ya kuwa mwalimu nilisoma seminari. Kanisa kubwa la pale lilikuwa na kinanda cha mabomba, marefu mpaka darini, chenye vibonyezo vya mikono na vingine vya miguu. Bruda mmoja mzee alinifundisha. Alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote, iliyotungwa na mtunzi wa Kicheki kwa ajili ya kinanda kikubwa. Inaanza na sauti moja tu ya miguu, nzito, peke yake gizani. Kisha mikono inaingia, sauti juu ya sauti, kama watu wanaofika msibani mmoja mmoja. Bruda alikuwa amenakili nota zake kwa mkono, na alinifundisha ukurasa kwa ukurasa. Tulipofika ukurasa wa kumi na moja alishikwa na homa. Siku ya tatu tukamzika. Kurasa zilizobaki sikuziona tena.

Miaka kumi na saba nilikuwa napiga kitu kisicho na mwisho. Na sasa mtu ananiambia kwamba dada yake, huko kwenye matope ya delta, anakijua mpaka mwisho.

Petronila hakupenda. "Huyo mgonjwa apelekwe Utete, hospitali ya wilaya."

"Wameshampeleka. Hawakuona kitu."

"Wewe si daktari, Baba Imani. Wala si padri. Unakwenda kufanya nini?"

Nilimwambia nakwenda kumsaidia mgonjwa. Haikuwa kweli yote. Nilikuwa nakwenda kusikia zile kurasa.

Tuliondoka saa kumi alfajiri na gari la wanunuzi wa kamba mpaka Nyamisati, kisha boti ya Abbasi, ya mbao, yenye injini ya nyuma. Kinanda chetu kilikuwa kile cha kukunja, kinachobebeka kama sanduku, unakipuliza kwa pedali mbili za miguu. Nilikipakata njia nzima. Mikoko ilisimama pande zote mbili, na kila tulipopinda, njia tuliyotokea ilijifunga nyuma yetu. Baada ya mpindo wa kumi sikuweza tena kujua bahari iko upande gani.

Tulifika kitongoji chao, Kilulu, jua likiwa limeshapanda. Nyumba nane tu. Tulikokwenda ilikuwa ya mwisho, imejengwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao, kama futi sita kutoka chini. Mbao zile zilinishangaza. Zilikuwa nene, zimerandwa vizuri, mbao za nyumba ya mtu mwenye cheo.

Abbasi alinisaidia kupandisha kinanda, akageuka.

"Nakwenda kuiweka boti kwenye kina. Maji yameanza kupwa."

"Tutarudi saa ngapi?"

"Yakijaa. Jioni."

Nilimtazama akiondoka. Ndani ya saa moja kijito kilikuwa kimekwisha. Lilibaki tope tu, jeusi, linalong'aa, kila upande. Tope la delta linameza mtu mpaka kiunoni. Nikaelewa kwamba hakuna mahali pa kwenda.

Ndani palikuwa na giza na moshi wa ubani. Ngoma nne zilikuwa zimelazwa kifudifudi ukutani. Mganga, Mzee Sadallah, alikuwa amekaa kando ya chetezo, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mama wa mgonjwa, Bi Mwajabu, alinikaribisha bila kuniangalia usoni.

Na Salama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea nguzo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mifupa ya mabega yake ilionekana kama ya mtoto. Macho nusu wazi. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda juu ya mapaja, haraka, kwa mpango. Lakini mimi nilitazama miguu.

Kisigino. Ncha ya mguu. Kisigino. Mguu wa kushoto ukavuka nyuma ya wa kulia, ukagusa ubao, ukarudi.

"Tumefikiri anacheza," alisema Mzee Sadallah kwa sauti ndogo. "Kila pepo ana ngoma yake, mwalimu. Huyu tumempigia zote. Za bara, za pwani, za Kindengereko. Hataki. Anataka ya kwao."

Abbasi alikuwa ameniambia njiani kwamba dada yake hajawahi kutoka delta ila kwenda Utete. Hajawahi kuona kinanda cha mabomba hata kwenye picha. Na miguu yake ilikuwa inapiga vibonyezo vya miguu vya kinanda kikubwa, sawasawa, kama Bruda alivyonifundisha kwa kunigonga goti.

"Ni pepo gani?" niliuliza.

Mzee Sadallah akamtazama Bi Mwajabu. Bi Mwajabu akatazama sakafu.

"Mgeni," alisema mganga. Akachukua fimbo yake, akatoka, akavuta mlango. Nikasikia komeo likiingia kwa nje.

Nilikunjua kinanda. Nikakaa. Nikaanza kupuliza.

Sauti ya kwanza ni ya miguu, na kinanda changu hakina vibonyezo vya miguu, kwa hiyo nilikuwa naipiga kwa mkono wa kushoto, nyembamba, kama mbu. Niliipiga. Kisigino cha Salama kikashuka juu ya ubao.

Na sauti ikatoka chini.

Nzito... ndefu... Niliisikia kwenye meno kabla ya kuisikia masikioni. Haikutoka kwenye kinanda. Niliangalia kwenye upenyo wa mbao, chini ya miguu yangu. Tope lilikuwa linatetemeka, kama maziwa kwenye sufuria kabla hayajachemka.

Mikono yangu iliendelea. Sijui kwa nini. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Miguu ya Salama ilifuata kila mahali, na kila ilipogusa ubao, lile tope liliitika. Harufu ya ubani ikafa. Ikapanda harufu nyingine, ya maji yaliyolala muda mrefu.

Kwenye ukurasa wa nne nilikosea.

"Kidole cha nne."

Ilikuwa sauti ya msichana, lakini imenyooka, haina pumzi ndani yake. Salama hakuwa amefungua macho.

Nilirudia, kwa kidole cha nne. Ikaenda vizuri.

Nilifika ukurasa wa kumi na moja, mahali ambapo Bruda aliniacha. Nikainua mikono. Miguu yangu ikasimama kwenye pedali. Mvukuto ukatoa pumzi ya mwisho, ukanyamaza.

Kifua cha Salama pia kikanyamaza.

Mwanzoni sikuelewa. Bi Mwajabu ndiye aliyeelewa. Alitambaa mpaka kwa mwanawe, akaweka kiganja mbele ya pua yake, akanigeukia. Midomo ya Salama ilikuwa inaiva rangi ya zambarau.

"Mwalimu," alisema. "Puliza."

Nikapuliza. Mvukuto ukajaa. Kifua cha Salama kikainuka nao.

Niliacha tena, kidogo tu, nione. Kikashuka, kikatulia.

Nikapuliza.

"Tena," alisema Salama.

Nikaanza mwanzo.

Sijui nilipiga mara ngapi. Jua lilipita juu ya makuti, likaanza kushuka upande wa pili. Nilisikia adhana ya adhuhuri kwa mbali, ng'ambo ya tope. Kila nilipofika ukurasa wa kumi na moja, ile sauti ilisema, "Tena." Misuli ya mapaja iliniuma, kisha ikaungua, kisha ikafa ganzi. Jasho lilinipofusha. Bi Mwajabu alinifuta uso kwa kanga, akaninywesha maji kwa kikombe, kama mtu anayelisha ng'ombe aliyefungwa kwenye kinu cha mafuta. Niliita Abbasi. Niliita mganga. Nje kulikuwa na watu, nilisikia wakikohoa. Hakuna aliyejibu.

Pedali ya kulia, pedali ya kushoto. Nikipumzika, msichana anakufa.

Alasiri mambo yakabadilika. Nilikuwa nimefika tena mwisho wa ninachokijua, nikingoja neno lile. Halikuja. Badala yake Salama alisogea kwenye mkeka, akaja akakaa ubavuni pangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu.

Ilikuwa baridi. Ilikuwa imelowa.

Ikaanza kuniongoza.

Ukurasa wa kumi na mbili. Nisamehewe, lakini lazima niseme kweli: nililia, na sikulia kwa woga peke yake. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na saba. Zile sauti zilizokuwa zimefika msibani mmoja mmoja, sasa ziliinuka pamoja, zikatembea. Alinifundisha kwa subira. Nikikosea alirudisha kidole changu, akakibonyeza mahali pake. Ukurasa wa kumi na tatu. Wa kumi na nne. Nilijua, kama mpiga kinanda yeyote anavyojua, kwamba tunakaribia mwisho.

Bi Mwajabu naye alijua. Sijui kwa nini. Labda alikuwa amekisikia mara nyingi kwa mwanawe.

Alikuja upande wangu mwingine, akajifanya ananifuta jasho. Akaweka mdomo karibu na sikio langu.

"Mwalimu, usimalize."

Nilitaka kugeuka. Akanizuia shavu kwa kanga.

"Endelea kupiga. Sikiliza tu. Huyu ni Bwana Kareli. Mcheki. Alikuja kupima kina cha mito, mwanangu akiwa na miaka mitatu. Mimi nilimpikia. Jioni alikaa mezani, akapiga meza kwa vidole na sakafu kwa miguu. Hakuna sauti. Vidole tu. Salama alipenda kukaa chini ya meza, kwenye miguu yake. Mbao hizi ni za nyumba yake."

Chini yetu tope liliitika.

"Kikaja kipindupindu. Wiki mbili tulizika watu kumi na wanne. Wakasema mzungu anayaita maradhi kwa vidole. Marehemu mume wangu na wenzake wakamwambia kuna mkono wa mto hajaupima. Wakampeleka juu ya fungu la mchanga, maji yamekupwa. Wakaondoka na mtumbwi. Nilimfungia chakula cha njiani. Nilijua. Waliotazama kutoka kwenye mikoko wanasema maji yalipomfika kifuani, alikuwa bado anapiga vidole juu ya maji. Waliokuja kumtafuta waliambiwa alizama."

Ukurasa wa kumi na tano.

"Ukifika mwisho atamwacha Salama, akae kwako. Wewe ndiye mwenye kinanda. Ndivyo mganga alivyosema. Halafu maji yakijaa watakupitisha kwenye fungu lilelile, wakuache naye."

"Abbasi anajua?"

"Abbasi ni kaka yake."

"Na nisipomaliza? Salama je?"

Bi Mwajabu alimtazama binti yake.

"Salama ni mwanangu," alisema.

Akaketi chini.

Nilipiga mistari iliyobaki nikimfikiria Petronila, na binti yetu Imani aliyekuwa darasa la pili. Niliwaza kuruka dirishani, nikaona lile tope. Niliwaza kuacha kupuliza, nikaona kile kifua. Na mikono ile baridi ilinisukuma mbele, bila haraka, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

Tukafika. Kabla ya mwisho kuna sauti moja inayoshikiliwa, inayouma, inayotaka kupumzika. Kisha zinakuja sauti saba za kubonyezwa kwa pamoja, na kazi imekwisha. Salama alinionyesha zote saba, kidole kimoja kimoja, vinne vya kushoto, vitatu vya kulia. Hakubonyeza. Alivilaza tu vidole vyangu juu ya vibonyezo.

Akaondoa mikono yake.

"Maliza."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kubonyeza vibonyezo vile. Sitaki mtu aniambie ni uchawi. Uchawi ulikuwepo, lakini kutaka kulikuwa kwangu.

Niliinua vidole vyote. Nikakibakiza kimoja, kwenye ile sauti inayouma.

"Maliza."

Niliendelea kupuliza, lakini polepole zaidi. Petronila aliwahi kunisimulia wanavyofanya na watoto wanaozaliwa bila pumzi: unawasaidia, unapunguza, unawaita. "Bi Mwajabu," nilisema, "mwite. Mwite jina lake."

"Salama," alisema mama yake. "Salama, mwanangu. Salama."

Nikapunguza tena. Kifua kilishuka, kikachelewa kupanda. Sauti ya kinanda ilikuwa imekuwa uzi.

"Maliza..."

"Salama, vuta mwenyewe. Mama yako huyu hapa."

Nikasimamisha miguu.

Kimya.

Nilihesabu moyoni. Nikafika kumi na nane. Bi Mwajabu alikuwa amemkumbatia, anampigapiga mgongo, anamwita kwa majina ya utotoni nisiyoyajua, ya Kindengereko. Ishirini na tano. Ishirini na sita.

Salama akakohoa. Maji yakamtoka mdomoni, ya rangi ya tope, mengi kuliko tumbo lile linavyoweza kubeba. Akakohoa tena. Akavuta pumzi, mbaya, ya kukwaruza, lakini yake.

"Mama," alisema. "Nina njaa."

Nilifunga kifuniko cha kinanda. Chini ya sakafu, tope bado lilikuwa linatetemeka.

Komeo likatolewa. Mzee Sadallah aliingia na Abbasi nyuma yake. Mganga alimtazama Salama, akanitazama mimi. Alinishika vidole, akavinusa kimoja kimoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," nilidanganya, wasije wakanirudisha kwenye kinanda.

"Jina lako nani?"

"Hilari."

"Na la mgeni aliye ndani yako?"

"Hilari."

Aliitazama miguu yangu muda mrefu. Ilikuwa inatetemeka kwa uchovu, na hakuweza kujua kama ni uchovu au ni pepo. "Maji yanajaa," alimwambia Abbasi. "Mpeleke."

"Na mimi nakwenda," alisema Bi Mwajabu.

"Mama, baki na mgonjwa."

"Mgonjwa atapewa uji na shangazi yake. Nakwenda."

Jua lilikuwa linazama tulipotoka. Maji yalirudi kimyakimya kati ya mizizi ya mikoko, ya kahawia, yamebeba povu. Nilikaa katikati ya boti na kinanda mapajani. Abbasi nyuma, kwenye injini. Bi Mwajabu mbele. Mahali ambapo mikono miwili ya mto inakutana, Abbasi alipunguza injini.

Fungu lilikuwa pale, upande wa kushoto, limebaki kama mgongo wa kiboko. Maji yalikuwa yanalilamba pande zote.

Abbasi hakuniangalia. Alikuwa analia bila sauti. "Mwalimu," alisema, "shuka kidogo nikaze injini. Boti imeelemewa."

Bi Mwajabu aliinuka, akaja akakaa kwenye ubao wangu. Akalishika shati langu kwa nyuma, akalikunja ngumini.

"Mama, rudi kwenye nafasi yako."

"Nipo kwenye nafasi yangu."

"Mama, nakuomba."

"Akishuka yeye, na mimi nashuka. Chagua."

Injini ilikuwa inanguruma taratibu. Ndipo nikasikia, sote tukasikia, chini ya boti, kwenye mbao... vidole. Vinagonga. Haraka, kwa mpango, mpaka kwenye ile sauti inayouma. Vikasimama hapo. Vikangoja.

Abbasi aliongeza injini mpaka mwisho. Tulifika Nyamisati giza limeingia. Hakuzima hata kunisaidia kushusha mzigo.

Hayo ni ya miaka mitatu iliyopita. Kinanda nilikirudisha kanisani, na sijakigusa tena. Niliwaambia nimeumia vidole. Parokia ilinunua kinanda cha umeme, anapiga kijana mwingine, na mimi nakaa benchi la nyuma, mikono nimeikalia. Salama alipona. Ameolewa Maparoni, ana mtoto wa kiume. Habari hizo ananiletea Abbasi, anapopita na kamba. Husimama mbali, ng'ambo ya barabara, akasema anachosema, akaondoka. Sijamshitaki kokote. Ningesema nini?

Mwezi uliopita, Petronila aliamka alfajiri asinione kitandani. Alinikuta mezani, nimelala usingizi nimekaa. Anasema vidole vyangu sita vilikuwa vimebonyeza meza kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Cha saba kilikuwa hewani, kinashuka. Alikidaka.

Sikumwambia mtu. Jumamosi yake Abbasi akapita, akasimama ng'ambo ya barabara.

"Salama hajambo," alisema. "Ila Alhamisi, alfajiri, alikosa pumzi. Kidogo tu. Kisha ikarudi."

Petronila aliponikuta mezani, ilikuwa Alhamisi hiyohiyo.

Petronila anataka tuhamie Songea, na uhamisho nimeshapewa. Barua iko kabatini. Sijui kama Bwana Kareli atanifuata au atabaki huku, na akibaki, atabaki na nani. Kwa hiyo bado tupo Kibiti. Kila usiku, Imani akishalala, Petronila hufunga mlango wa chumba, huchukua bendeji, hunifunga vidole vyote kumi pamoja.

Hakazi sana. Anasema damu lazima ipite.